Mifupa Saba na Miezi Minne na Nusu: Ufundi wa Ray Harryhausen

Karibu na mwisho wa filamu ya Jason and the Argonauts, iliyotoka mwaka 1963, wanaume watatu wanapigana kwa panga na askari saba ambao ni mifupa mitupu. Pambano hilo huchukua dakika chache tu kwenye skrini. Kulitengeneza kulimchukua mtu mmoja, Ray Harryhausen, fundi Mmarekani aliyehuisha vikaragosi kwa kuvisogeza kidogo kidogo na kuvipiga picha moja moja (fremu), miezi minne na nusu ya kazi katika chumba kilichofungwa, na kwa wastani alimaliza fremu 13 kwa siku. Kwa kuwa filamu hupita kwenye projekta kwa kasi ya fremu 24 kwa sekunde, siku nzima ya kuinama, kusogeza, kupima na kukumbuka ilizaa kipande kinachozidi nusu sekunde kwa kiasi kidogo sana.

Wanaoisifu kazi ya namna hii huisifu kwa subira, nami sikatai kwamba subira ilihitajika. Lakini mtu anaweza kuwa na subira ya miaka kumi na bado asitoe kiumbe ambacho mtazamaji atakihofia au kukihurumia. Kwa maoni yangu, Harryhausen alikuwa kwanza mwigizaji, mwigizaji ambaye mwili wake haukuonekana kamwe kwenye filamu, na ambaye kila tendo alilolitenda lilibidi lipitie vidole vyake, fremu baada ya fremu, bila nafasi ya kurudi nyuma kulirekebisha. Tukimtazama hivyo, mambo mengi katika maisha yake marefu ya kazi yanaeleweka, pamoja na sababu ya mafundi wa kompyuta wa leo kuendelea kumsoma.

Vile vikaragosi vya mifupa vilikuwa na urefu wa kati ya sentimita 20 na 25. Ndani yake mlikuwa na kiunzi cha chuma chenye viungo vya gololi inayozunguka ndani ya kikombe, na viungo hivyo hukazwa kwa skrubu kwa kiasi ambacho mkono wa kikaragosi utasogea ukisukumwa, kisha utabaki pale pale ulipoachwa. Juu ya chuma kulipakwa pamba na utomvu wa mpira hadi umbo la mfupa likapatikana. Viunzi vyake vingi vya chuma vilitengenezwa na baba yake mzazi, Fred, fundi mitambo, ambaye aliendelea kumchongea viungo mwanawe hadi alipofariki mwaka 1973. Kimoja cha vikaragosi hivyo saba kilikuwa kimekwisha kufanya kazi katika filamu ya mwaka 1958, The 7th Voyage of Sinbad, kikakarabatiwa na kurudishwa vitani. Huo ulikuwa utaratibu wa karakana yake: kiumbe kilichomaliza filamu yake kiliweza kuvuliwa ngozi ili chuma chake kizae kiumbe kingine.

Pambano lenyewe lilianza kusini mwa Italia, huko Palinuro, ambako waigizaji walifanya kwanza mazoezi na watu waliosimama mahali pa mifupa, pigo kwa pigo, kama ngoma yenye hesabu. Walipoyajua mapigo kwa moyo, watu wale wakaondolewa, na waigizaji wakapigwa picha wakishambulia hewa tupu, wakisimamisha panga zao ghafla pale ambapo ngao ya adui ingekuwapo. Baada ya hapo filamu ilipelekwa studio, na Harryhausen akabaki peke yake na vikaragosi vyake. Kila askari alikuwa na viungo vitano vya kusogezwa, yaani mikono, miguu na kichwa, kwa hiyo mahali walipoonekana wote saba alikuwa na misogeo 35 ya kufanya kabla ya kupiga fremu moja tu. Alipaswa kukumbuka kuwa askari wa kushoto amekwisha kuanza kurusha pigo na mkono wake unaongeza kasi, ilhali wa kati amekosa shabaha na mwili wake unavutwa na uzito wa upanga, na wa tatu bado anajiandaa kuruka. Hakukuwa na skrini ya kumwonyesha fremu iliyotangulia. Matokeo ya kazi yalionekana baada ya filamu kusafishwa maabara, na iwapo taa iliungua au stendi ya kamera ilitikisika katikati ya tendo, hakukuwa na la kufanya ila kuanza upya.

Sehemu ya pili ya ufundi wake ilikuwa kuwaweka binadamu na viumbe hivyo katika ulimwengu mmoja. Kabla yake, katika King Kong, filamu ya sokwe mkubwa ya mwaka 1933, jambo hilo lilifanywa kwa misitu midogo ya kutengenezwa na vioo vikubwa vilivyochorwa mandhari tabaka baada ya tabaka, na kazi hiyo ilidai mafundi wengi na fedha nyingi. Harryhausen, aliyekuwa akifanya filamu za bajeti ndogo, alibuni njia ambayo mtu mmoja angeimudu mezani. Picha ya waigizaji ilirushwa kutoka nyuma ya skrini, fremu moja ikisimama, na mbele yake ikawekwa meza yenye kikaragosi. Mbele ya kamera alisimamisha kioo na kupaka rangi nyeusi sehemu ya chini iliyofunika meza, akifuata mstari wa jiwe au ukingo wa ardhi ulio katika picha ya nyuma. Kamera ilinasa kikaragosi na sehemu ya juu ya mandhari. Eneo lililofunikwa kwa rangi nyeusi halikupata mwanga. Kisha alirudisha filamu mwanzo, akafunika sehemu ya juu, na kupiga sehemu ya chini peke yake. Mtazamaji alichokiona ni mnyama aliyesimama nyuma ya jiwe halisi na mbele ya bahari halisi. Njia hii ilipewa jina la Dynamation, na ndiyo iliyomwezesha mtu mmoja kufanya kazi ya idara nzima.

Ilikuwa na udhaifu wake. Picha iliyorushwa kwenye skrini na kupigwa tena huharibika rangi, na weusi wake huwa mkali kuliko ulivyokuwa, jambo ambalo halikuonekana sana katika filamu za rangi nyeusi na nyeupe, lakini lilimtia Harryhausen wasiwasi mkubwa pale mtayarishaji wake, Charles Schneer, alipomshawishi wafanye filamu ya rangi. Walipoifanya, ile iliyotoka mwaka 1958, wakamchagua Sindbad, baharia ambaye msomaji wa Kiswahili anamfahamu tangu utotoni kupitia hekaya za Alfu Lela U Lela. Katika safari ya tatu ya Sindbad mna jitu linalowala mabaharia na ambalo mwishowe hupofushwa kwa vyuma vya moto. Harryhausen alilichukua jitu hilo, akalipa jicho moja na pembe, na miguu ya mbuzi yenye kwato. Ile miguu ndiyo inayoonyesha akili ya fundi: aliichagua makusudi ili mtazamaji asije akadhani kwamba anamwona mtu aliyevaa vazi la mpira, kwa maana hakuna binadamu mwenye goti linalopinda namna ile.

Alizaliwa Los Angeles tarehe 29 Juni 1920, na alikuwa na umri wa karibu miaka 13 alipoiona King Kong katika jumba la Grauman's Chinese Theatre, Hollywood. Vijana wengi waliiona filamu hiyo wakarudi nyumbani. Yeye alirudi akitafuta kujua sokwe yule alikuwa kitu gani, na alipogundua kuwa alikuwa kikaragosi kilichosogezwa na Willis O'Brien, alianza kutengeneza vya kwake. Mama yake aliachia koti lake la zamani la manyoya likatwe liwe ngozi ya dubu wa mapangoni. Akiwa bado shule ya sekondari alimpigia simu O'Brien, akakaribishwa, akaenda na mijusi yake ya kale mkononi. O'Brien alimwambia kuwa miguu ya mmojawapo inafanana na soseji, kisha akamshauri asome anatomia. Naona mkutano huo ndio uliomtengeneza, kwa sababu kijana yule alikwenda kweli kusoma uchongaji na anatomia katika madarasa ya jioni, na baadaye upigaji picha na uhariri wa filamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alitumikia kikosi cha filamu cha jeshi la Marekani. Vita vilipokwisha, alijipatia mabaki ya filamu za rangi yaliyokuwa yametupwa, akayatumia kutengeneza hadithi fupi za watoto nyumbani, na hizo zikawa cheti chake cha kazi.

O'Brien alimwita awe msaidizi wake katika Mighty Joe Young, iliyotoka mwaka 1949, na kwa kuwa mzee alishughulika zaidi na mipango na matatizo ya kiufundi, sehemu kubwa ya uhuishaji wenyewe iliangukia mikononi mwa kijana. Hadithi ya filamu hiyo inaanzia Tanganyika, kwa msichana anayelea mtoto wa sokwe mkubwa, ingawa sisi tunajua kuwa wanyama hao wanaishi mbali zaidi magharibi, katika milima inayokutanisha Kongo, Rwanda na Uganda na katika misitu iliyo ng'ambo ya hapo. Harryhausen alitazama picha za sokwe halisi, na alisimulia mwenyewe kwamba alikuwa akila karoti na figili wakati wa mapumziko ili ajihisi yumo ndani ya mnyama yule. Wapo wanaolicheka jambo hilo. Mimi silicheki, kwa sababu ukimtazama Joe akiwa ameketi, amechoshwa na watu, akipiga ardhi kwa kiganja kama mtu anayesubiri bila hamu, utaona tendo ambalo halikuandikwa na mtu wala kuamriwa na mwongozaji. Limetoka kwa mtu aliyejiuliza kiumbe huyu anafikiri nini. Filamu hiyo ilipata Tuzo ya Oscar ya athari maalumu, na heshima hiyo ilimwendea O'Brien.

Kazi yangu ni kuhuisha michoro na vikaragosi kwa ajili ya matangazo na vipindi vya watoto hapa Dar es Salaam, na somo la Harryhausen ambalo hunisaidia kila siku ni somo la uzito. Kikaragosi ni chepesi. Kinachokifanya kionekane kizito ni mpangilio wa muda. Kwa hiyo mimi huenda Feri asubuhi kuwatazama wachukuzi. Mtu aliyebeba tenga la samaki kichwani hageuzi shingo akiitwa: macho yake hutangulia, kisha mabega na kiuno hugeuka pamoja, na mguu mmoja hutafuta mahali pa kukanyaga kabla mwili haujauelekea. Pale Kariakoo, msukuma mkokoteni hulala mbele kwa kitambo kabla gurudumu halijaanza kuzunguka, na likishazunguka, mgongo wake hunyooka kidogo. Kitambo kile cha kulala mbele ndicho kinachomwambia mtazamaji kuwa mzigo una uzito. Ukikiondoa, hata gunia likichorwa vizuri namna gani litaonekana limejaa pamba.

Hakuna mahali ambapo Harryhausen aliujua uzito kuliko kwa Talos, jitu la shaba katika filamu ile ile ya mwaka 1963. Maisha yake yote alijitahidi kuulainisha mwendo wa vikaragosi, na hapa alilazimika kufanya kinyume chake. Talos ni sanamu iliyoamka, kwa hiyo viungo vyake vinagoma, shingo inageuka kwa vituo, na kila hatua ni kama mlango wa chuma uliokaa miaka bila kufunguliwa. Wapo waliodhani ugumu ule ulikuwa kasoro ya ufundi, lakini ulikuwa umekusudiwa toka mwanzo. Kisha Jason anafungua kizibo kilicho kisiginoni, majimaji ya moto yanamwagika, na jitu linashika koo lake likitafuta pumzi. Sanamu haina pumzi, na hata hivyo mkono ule kooni unatufanya tumwonee huruma adui aliyekuwa karibu kuiponda meli. Nimelitazama tendo hilo mara nyingi nikijaribu kuona ni wapi huruma ile inaingia, na nadhani inaingia pale ambapo mkono unachelewa, kana kwamba Talos hakuelewa mara moja linalompata.

Kama ajira, maisha hayo hayakuwa mepesi. Bajeti zake zilikuwa ndogo kiasi kwamba pweza wa filamu ya mwaka 1955, It Came from Beneath the Sea, alipewa mikono sita badala ya minane ili kupunguza gharama na muda wa kumhuisha. Jina la mwongozaji ndilo lililoandikwa kuwa la mwenye filamu, ingawa mara nyingi filamu ilianza na michoro mikubwa ya mkaa ya Harryhausen, na hadithi ikafuata ili kuunganisha michoro hiyo. Alihamia Uingereza karibu mwaka 1960, kwa sababu ya kiufundi: huko kulikuwa na mfumo wa taa za sodiamu uliomwezesha kuwatenganisha waigizaji na mandhari yao bila kupitia skrini ya nyuma. Huko ndiko alikomwoa Diana Livingstone Bruce, kutoka ukoo wa David Livingstone, yule yule ambaye mwili wake ulibebwa na Chuma, Susi na wenzao hadi Bagamoyo. Miaka mingi baadaye Harryhausen alibuni sanamu ya shaba inayomwonyesha Livingstone akishambuliwa na simba, nayo ilisimamishwa mwaka 2004 huko Blantyre, Scotland, alikozaliwa mmisionari huyo. Ni kazi ya mtu aliyetumia maisha yake kutafuta fremu ile moja ambayo tendo zima linaonekana ndani yake.

Filamu yake ya mwisho ilikuwa Clash of the Titans ya mwaka 1981. Medusa wa filamu hiyo, mwanamke wa hekaya za Kigiriki mwenye nyoka badala ya nywele, alipewa mwili wa nyoka ili fundi asilazimike kuhuisha gauni linalopepea, lakini badala yake alijitwisha nyoka wa kichwani, kila mmoja akihitaji msogeo wake katika kila fremu, huku nuru ya mienge ikichezacheza usoni. Wakati huo sinema ilikuwa imekwisha kubadilika. Studio kubwa zilikuwa na idara zenye mafundi wengi na kamera zinazoongozwa na kompyuta. Akastaafu. Tuzo pekee aliyopewa na taasisi ya Oscar, ile ya Gordon E. Sawyer ya mchango wa kiufundi, ilimfikia mwaka 1992, akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Alifariki London tarehe 7 Mei 2013.

Miongoni mwa waliogeuzwa maisha na Sindbad wa mwaka 1958 alikuwamo mtoto wa Kimarekani aitwaye Phil Tippett, ambaye baadaye alihuisha viumbe vya filamu za Star Wars na kusaidia kubuni njia ya kukisogeza kikaragosi kwa mota wakati kamera iko wazi, ili picha iwe na ukungu kidogo wa mwendo, kitu ambacho uhuishaji wa mkono hauna na ambacho jicho hukikosa bila kujua. Aliajiriwa kuwahuisha madinosauri wa Jurassic Park kwa njia hiyo. Kabla hajaanza, mafundi wa kompyuta walionyesha majaribio yao, na mwongozaji, Steven Spielberg, akaamua kuwa wanyama watatengenezwa kwa kompyuta. Tippett aliugua kwa huzuni.

Kilichofuata ndicho ninachowasimulia vijana wanaoniuliza ni programu gani wanunue. Waliokuwa wakiijua kompyuta hawakuwa wanajua mnyama mzito anavyotembea, na waliokuwa wakimjua mnyama hawakuwa wanaijua kompyuta. Basi kikatengenezwa kiunzi cha chuma cha dinosauri, chenye viungo kama vile alivyokuwa akivichonga baba yake Harryhausen, lakini kila kiungo kikafungwa kihisio kinachopeleka msogeo wake kwenye kompyuta. Mafundi wa vikaragosi walikisogeza kwa mikono, fremu kwa fremu, na mnyama wa kwenye kioo akafuata. Wahuishaji wa kompyuta nao walipelekwa kusomea uigizaji wa kimya, wakatoka nje kukimbia na kuruka wenyewe kabla ya kukaa mbele ya mashine. Tippett akabaki kuwa msimamizi wa dinosauri, na filamu hiyo ilipopata Oscar ya athari za picha kwa mwaka 1993, jina lake lilikuwamo kati ya wanne walioitwa jukwaani.

Hakuacha vikaragosi. Filamu aliyoianza kando miaka hiyo hiyo, kisha akaiweka kabatini kwa muda mrefu, ilirudishwa mezani baadaye, na wengi waliomsaidia kuimaliza walikuwa vijana waliojitolea mwishoni mwa wiki, baadhi yao wakitoka kwenye ajira za kompyuta, ili wajifunze kukisogeza kiunzi cha chuma kwa vidole. Mad God ilitoka mwaka 2021, takriban miaka thelathini tangu fremu zake za kwanza zipigwe.